Simbilisi wa Kituo cha Mlimani

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kuongea na mlima.

Ndivyo nilivyowajibu watu walioniuliza nafanya nini pale ofisini, na wengi walidhani nawatania. Lakini ilikuwa kweli. Ofisi yetu ya simu, mjini Sumbawanga, ilikuwa na chumba kidogo cha nyuma, na ndani yake palikuwa na redio ya upepo iliyokaa juu ya meza ya mninga. Kila asubuhi, na tena alasiri, nilibonyeza kitufe nikasema, "Mlima, Mlima, hapa Mjini. Unanipata? Ova." Nikaachia, maana ova ni kumpa mwenzako zamu, nikasikiliza ule mvumo unaofanana na mvua inayonyesha mbali, mpaka sauti ya mwanamume ikachomoza katikati yake: "Mjini, hapa Mlima. Nakupata vizuri. Ova."

Mlimani alikuwapo mtu mmoja tu. Kituo chenyewe kilikuwa ukingoni mwa Ufipa, upande wa milima ya Mbizi, pale ardhi inapokatika ghafla na kushuka bondeni Rukwa. Palisimamishwa mnara mrefu wa chuma wa kupokea simu za huku na kuzirusha kule. Pembeni ya mnara palikuwa na kibanda cha jenereta na nyumba ya chumba kimoja ya mtunzaji. Kazi yake ilikuwa kuweka dizeli, kusafisha mitambo, na kuniambia mimi kama kila kitu kinakwenda sawa. Land Rover ya ofisi ilimpandishia chakula na mafuta mara moja kwa mwezi, kama barabara ilikubali.

Zamani walikuwapo watunzaji wawili, wakipokezana. Lakini ile ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Sumbawanga yalikuwa yanajaa vitu, na maofisi yalikuwa yanapungua watu. Mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, redio za betri zikapangwa hadi barazani, na wakati huohuo wafanyakazi waliitwa mmoja mmoja na kuambiwa kwamba nafasi zao hazipo tena. Yule mtunzaji wa pili aliitwa hivyo. Tangu hapo huyu wa kwanza akawa anakaa kule juu peke yake, mwezi hadi mwezi, akishuka kwa nadra sana.

Mimi sikuwahi kumwona. Nilipoajiriwa yeye alikuwa tayari mlimani, na kila aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa ndugu zake bondeni bila kupita ofisini. Nilimjua kwa sauti tu. Ilikuwa sauti ya taratibu, nzito, yenye mkokoto wa Kisukuma, kwa sababu wazazi wake walikuwa wametoka kaskazini na kundi la ng'ombe wakitafuta malisho, naye akakulia njiani. Alinizidi umri sana. Kila asubuhi nilimwamkia kwanza kabla ya kumuuliza habari za mitambo.

"Shikamoo, kaka. Ova."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna ukungu leo, sioni hata miguu yangu. Ova."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa naanza siku. Nje ya dirisha langu akina mama walipita na ndoo za maharage kwenda sokoni, baiskeli ziligonga kengele, na mimi nilikuwa nimefumba macho nikijaribu kuuona ukungu wa mtu nisiyemjua sura. Wakati mwingine alinieleza jinsi mawingu yalivyojaa bonde lote chini yake, meupe, yametulia kama maziwa kwenye kibuyu, na jinsi alivyosimama mlangoni akahisi kwamba nyumba yake imeng'oka duniani na inakwenda zake polepole. Nami nilihisi meza yangu inakwenda nayo.

Kule mlimani alikuwa na redio yake ndogo ya kusikilizia dunia. Asubuhi moja, baada ya habari za dizeli, hakuniaga.

"Mdogo wangu, umewahi kusikia habari za wanaanga? Ova."

Nilisema nimewasikia, wale wanaopaa kwa roketi.

"Hao wa kupaa na kurudi tunawajua. Hawa wengine wanakaa huko. Wana nyumba yao inazunguka dunia, wanakaa humo miezi na miezi. Jana usiku nimewasikia kwenye Idhaa ya Kiswahili ya huko ng'ambo. Msikilizaji mmoja aliuliza, watu hawa wakizidiwa na upweke, kwa nini wasipewe mnyama wa kufuga? Mtangazaji akacheka, akapita. Ova."

"Na wewe ulicheka? Ova."

"Sikucheka. Ova."

Tangu siku hiyo tukawa na kazi ya pili. Tulikuwa tunamtafutia mwanaanga mnyama. Sijui tulilichukulia jambo lile kwa uzito kiasi gani, ila kila siku lilirudi. Nilipendekeza paka. Akasema paka akianguka hutua kwa miguu, sasa kule ambako hakuna chini atatua wapi? Atazunguka tu hewani hadi apate wazimu. Nikasema kuku, angalau watapata mayai. Akasema kuku anahitaji kuparura ardhi, ukimnyima ardhi umemuua. Wenzangu ofisini walianza kuingia chumbani kwangu na vikombe vyao vya chai ili kusikiliza. Karani wa masjala alisema kinyonga, maana ana mikono ya kushika na mkia wa kushika, hawezi kuelea. Wote tukapiga kelele, kwani nani atakubali kulala chumba kimoja na kinyonga? Nilimfikishia hata hivyo.

"Kinyonga atashika vizuri," alisema. "Lakini hakuangalii. Jicho moja huku, jingine kule. Mtu mpweke anataka kuangaliwa. Ova."

"Basi wewe ungepeleka nini? Ova."

"Ng'ombe. Ova."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Dereva wetu, mzee wa Kifipa mwenye makao yake mtaa wa Chanji, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, akasema kwa utani kwamba Msukuma hata akifika peponi atauliza zizi liko wapi.

Yule wa mlimani alingoja kicheko kiishe. "Nyie hamjawahi kuegemea ng'ombe," alisema. "Tulipokuwa tunahama, mimi mtoto, baridi ikiwa kali nililala nimeegemea ubavu wa ndama. Unasikia moyo wake kwa mgongo. Huulizwi kitu, husemi kitu. Ova."

Dereva alinirudishia kipaza sauti, akatoka kwenda kuangalia gari lake.

Kiangazi kikaingia, na upepo wa Ufipa ule wa Juni unaokausha midomo. Sijui ni siku gani hasa alipoanza kupungua. Mtu akipungua maneno hupungua kama maji kisimani, hujui mpaka kamba inapokuwa fupi. Kwanza aliacha kunieleza mawingu. Halafu akaacha kuuliza habari za mjini. Mwisho nikawa napata kitu kimoja tu, asubuhi na alasiri: "Mitambo mizima. Mafuta yapo. Ova." Nilipomuuliza juu ya wanaanga alisema hajawasikia tena. Nilipomwamkia aliitika kana kwamba ameamshwa.

Dereva aliporudi kutoka kupeleka chakula nilimfuata uani.

"Mzee, umemwonaje?"

Alikuwa ananawa mikono kwenye pipa. "Sikumwelewa," alisema. "Zamani nikifika ananipokea mizigo, ananipikia chai, hataki niondoke. Safari hii nimepakua mwenyewe. Alikaa kitandani. Viazi nilivyompelekea mwezi uliopita vimeota kwenye gunia. Nilimsikia akiongea, nikadhani ananiambia mimi. Kumbe anaongea na jenereta."

Nilimweleza bosi. Bosi hakuwa mtu mbaya, lakini kichwani mwake alikuwa na majina ya watu wa kupunguzwa, na jina lake mwenyewe huenda lilikuwamo. Alisema hana mtu wa kumpandisha mlimani. Akimshusha huyu, mnara utazimwa, na mnara ukizimwa kila mtu atauliza kwa nini. "Mwambie avumilie," aliniambia. Sikumwambia.

Jumamosi moja nilipita Chanji kununua sabuni. Mwenye duka mmoja alikuwa ameleta televisheni, na juu ya bati ameweka dishi kubwa kama ungo wa kupepetea ulezi. Watu walijaa mlangoni, wengine wamebeba watoto mabegani. Nilijipenyeza. Palikuwa na picha za ile nyumba ya angani, na watu wenye suruali za kawaida wanaelea kama majani ndani ya mtungi. Vijana walikuwa wanashangilia. "Mshikaji anaruka bila mbawa!" Kisha wakamwonyesha mmoja amelala. Alikuwa amefungwa ukutani ndani ya mfuko, wima, macho yamefumbwa. Na mikono yake miwili ilikuwa imeinuka yenyewe mbele ya kifua, imepinda, viganja vimeachwa wazi, imetulia hapo hewani. Ilikuwa mikono ya mtu aliyebeba kitu, na kitu hicho hakikuwapo.

Niliondoka bila kununua sabuni. Kesho yake, baada ya misa, nilikwenda kijijini Mollo kwa mama.

Mama yangu alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi kama majirani zake wote, na kama majirani zake wote alifuga simbilisi jikoni. Kwa asiyewajua, simbilisi ni mnyama mdogo wa kukaa kiganjani na kumwagikia pembeni kidogo, hana mkia, ana manyoya laini na masikio kama maua ya maharage. Hula majani. Akisikia unakuja na majani hupiga mluzi mwembamba, mrefu, na wenzake wote wakapokea. Kwetu ni mboga ya siku mgeni akija ghafla. Mimi nililala miaka yangu yote ya utoto nikisikia minong'ono yao kwenye giza la jikoni, wakiambiana mambo yao karibu na mafiga yenye vuguvugu.

"Mama, naomba simbilisi mmoja."

"Umechoka na dagaa wa mjini?"

"Si wa kula. Ni wa kumpelekea mtu."

"Mgonjwa?"

"Mpweke."

Mama alinitazama. Baba alikuwa amefariki miaka michache nyuma, na sisi watoto tulikuwa tumetawanyika. Hakuniuliza mtu huyo ni nani. Aliinama akasogeza kuni, simbilisi wakatawanyika huku na huko. Nilimwonyesha mmoja mnene, mweupe. Akatikisa kichwa. Akamnyanyua jike mmoja wa rangi ya kahawia, mwenye kipaku kwenye jicho, aliyekuwa anapiga kelele tangu tulipoingia.

"Mchukue huyu," alisema. "Huyu ana maneno."

Tulimweka ndani ya tenga dogo lenye majani makavu. Njia nzima ya kurudi Kizwite, mtaa niliokuwa nimepanga chumba, alikuwa ananong'ona kwenye mapaja yangu, na watu tuliopishana nao walinitakia chakula chema.

Siku ya safari ya mlimani, dereva naye alipoliona tenga alifurahi. "Afadhali. Umemtumia nyama."

"Mzee, huyu akifika amekufa nitakushitaki kwa mama yangu."

Alifika mzima. Alasiri ile niliita mlima kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Mmeniletea panya," sauti ilisema. "Ova."

"Si panya, kaka. Ni simbilisi. Ova."

"Kwetu sisi tunafuga ng'ombe. Ova."

"Angani hapatoshi ng'ombe, kaka. Ova."

Mvumo, mvumo. Nilidhani amezima. Halafu ndani ya ule mvumo ukaja mluzi, mwembamba, mrefu, ukapanda na kukatika. Wenzangu wakakimbilia chumbani. Ukaja tena.

"Anataka nini huyu?" mlima uliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi yeye kuniuliza swali. "Tangu dereva aondoke hanyamazi. Ova."

"Anataka majani, kaka. Amekusikia unatembea. Ova."

"Nje kuna baridi. Ova."

"Majani yako nje, kaka. Ova."

Alitoka. Najua alitoka, kwa sababu kesho yake alisema majani ya upande wa mashariki ni makavu mno, lakini chini ya mnara, pale maji ya jenereta yanapomwagika, kuna kijani kidogo. Na keshokutwa yake akasema kwamba yule mnyama anapenda mizizi kuliko majani. Wiki iliyofuata akanieleza kwamba amegundua tofauti ya miluzi yake, mmoja wa njaa, mwingine wa kusikia mlango, na mwingine wa chini kabisa, unaotetemeka kama mashine ndogo, wa pale anapowekwa shingoni kwa mtu aliyelala. Hakumpa jina. Alimwita mwenzangu. "Mwenzangu hajaamka." "Mwenzangu ameogopa radi ya jana." Mawingu yalirudi pamoja naye. Nikapata tena asubuhi zangu za maziwa kwenye kibuyu, na sasa ndani ya ile nyumba inayokwenda zake polepole kulikuwa na wawili.

Mvua za mwaka ule zilikuja mapema, kwa hasira. Barabara ya mlimani ililainika, ikakatika sehemu mbili, na Land Rover ikarudi njiani ikiwa na mizigo yake. Yeye alisema ana unga wa kutosha. Kisha alasiri moja mbingu ya upande wa Mbizi ilikuwa nyeusi kama sufuria, na nilipokuwa namsikiliza akisema "leo naona kama mwenzangu alikuja na mimba, mdogo wangu, tumbo lake lina—" redio ilipiga mlio kama kitambaa kinachochanwa, ikanyamaza.

Hata mvumo haukuwapo. Niliita hadi sauti ikakauka. Niliita kesho yake, na keshokutwa. Mnara nao ulikuwa umekufa, simu hazipiti. Mjini watu walianza kusema yale wanayosema siku zote juu ya radi za kwetu, kwamba hazipigi bila kutumwa na mchawi. Mimi nilikuwa nakaa mbele ya ile redio kimya, na kimya chake kilikuwa na umbo, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Mvua ilipopumua bosi alimwita dereva na fundi mmoja. Nikaomba kwenda nao.

"Wewe ni mtu wa redio," bosi alisema.

"Redio imekufa, bosi."

Alirudi kwenye karatasi zake, nami nikachukua kuwa ndiyo.

Gari lilitufikisha hadi pale udongo ulipokubali. Baada ya hapo tulitembea. Tuliondoka kwenye mashamba, kwenye matuta yetu ya mviringo yenye nyasi zilizofukiwa, tukaingia kwenye majani marefu yaliyolowa, halafu ndani ya ukungu. Sijawahi kutembea mahali kama pale. Dereva alikuwa hatua chache mbele yangu, lakini nilimwona kama kivuli cha mtu ninayemkumbuka. Sauti zetu zilirudi kwetu. Sikuweza kusema kama tunapanda au tumesimama na mlima ndio unaoteremka kutupita. Nilikuwa naogopa, na bado ndani ya ule woga palikuwa na utulivu wa ajabu, kama ule wa mtoto anayebebwa amelala na kujua kwamba anabebwa.

Miguu ya chuma ya mnara ilitokea ghafla, juu yake hakuna kitu, ukungu umemeza mengine yote. Tukasimama. Fundi akaita hodi. Kisha tukausikia mluzi. Baada yake mwingine, mdogo zaidi, na mwingine mdogo kuliko huo, kama matone yanayofuatana.

Alikuwa ameketi kizingitini. Nywele zilikuwa ndefu, ndevu zina mvi, mkono wa kushoto umefungwa kwa kitambaa cha shuka. Kwenye mapaja yake alikuwa na majani mabichi. Nilikuwa nimemtengenezea sura kichwani kwa muda mrefu, pana, yenye mashavu, na huyu alikuwa mtu mwembamba mwenye macho ya aibu. Kwa sekunde moja nilidhani tumekosea mlima.

"Shikamoo, kaka," nilisema.

Alinitazama midomo. "Sisikii!" alisema kwa sauti kubwa, ile sauti yangu ya kila asubuhi, ikitoka mahali nisipopatarajia. "Radi imenichukua masikio! Wewe nani?"

Niliweka ngumi mdomoni, nikabonyeza hewa kwa kidole gumba kama nabonyeza kitufe. Akanielewa. Alicheka mpaka majani yakaanguka, halafu akajifuta macho kwa ule mkono mzima.

Dereva aliwasha moto, fundi akaenda kwenye mitambo, na yeye akatueleza kwa makelele ya kiziwi. Radi ilipita kwenye waya, ikatokea kwenye kipaza sauti alichokuwa amekishika. Alijikuta sakafuni. Hakujua amelala pale kwa muda gani. Dunia ilikuwa kimya kabisa, jenereta haivumi, mvua anaiona dirishani inanyesha bila sauti. Akafikiri huenda ndiyo kufa kwenyewe, na kwamba si kubaya, abaki tu hapohapo.

"Nikahisi kitu shingoni," alisema. "Cha moto. Kumbe ni mwenzangu ametoka kwenye tenga, amejibana hapa. Sikumsikia kwa sikio. Nilimsikia kwa shavu! Anatetemeka, anapiga ule mluzi wa njaa, nauhisi kwenye mfupa. Nikamwambia niache. Hakuniacha. Nikasema haya basi, nikukatie majani, halafu nitarudi kulala. Nikatoka kwa kutambaa. Na ukishatoka kumkatia mtu majani, unaona bora uteke na maji. Ukiteka maji unaona bora ule. Ndivyo ilivyokuwa. Kila siku nilikuwa natoka kwa ajili yake, nikirudi nakuta na mimi bado nipo."

Watoto walikuwa ndani ya kofia yake ya sufu karibu na mafiga, wana manyoya tayari, macho wazi, maana simbilisi huzaliwa wamekamilika, kama wazee wadogo.

Fundi alibaki mlimani, sisi tukashuka na mgonjwa. Alikataa kumwacha mnyama, hivyo tenga lilikuja kifuani kwake. Hospitalini walimpa kitanda na kuusafisha mkono, lakini wanyama hawakuruhusiwa, nikawachukua chumbani kwangu Kizwite. Siku za kwanza hakuongea na mtu. Wauguzi walisema halali. Nami nilikuwa nimeshajifunza dawa ya ugonjwa ule. Nikamfunga yule jike ndani ya kitenge, nikamweka mgongoni kama mtoto mchanga, nikaingia saa ya kuwaona wagonjwa. Mtawa mzee aliyekuwa msimamizi wa wodi alinipita, akasimama, akarudi hatua moja. Kitenge kilikuwa kinanong'ona.

"Mtoto wako hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, Sista."

"Ana manyoya," alisema, akaenda zake. Kesho yake nilikuta mtu ameacha majani ya karoti kwenye meza ya kitanda kile.

Sikio la kulia lilirudi kidogo kidogo. La kushoto halikurudi. Wakati anatoka hospitali, mlimani palikuwa pameshafungwa mitambo mipya inayojiendesha yenyewe, isiyohitaji mtu wa kuitazama. Nafasi yake ikafutwa. Miezi michache baadaye nafasi yangu nayo ikafutwa, kwa kuwa mlima uliokuwa unaongea ulikuwa umenyamazishwa. Sikulia siku nilipokabidhi ufunguo wa chumba. Nililia asubuhi iliyofuata, nilipoamka, nikafungua mdomo, na sikuwa na mtu wa kumwamkia.

Yeye alishuka kwa ndugu zake bondeni, kwenye ng'ombe. Mimi nilipanga kibanda Chanji, nikanunua cherehani, nikawa napunguza na kuongeza nguo za mitumba. Alikuwa anapanda mjini mara chache, siku za mnada, na kila mara alipita kwangu. Alikaa upande wa kulia wa cherehani ili lile sikio zima liwe langu. Aliniletea samaki wa Rukwa waliokaushwa, akanipa habari za wale simbilisi, waliokuwa wengi sasa hata watoto wa kaka zake wanawagombania. Yule mwenzake alikuwa amekufa kwa uzee, amelala, ndani ya tenga. Alimzika mwenyewe. Ndugu zake walimcheka sana, alisema, mtu mzima anamchimbia panya kaburi, lakini jioni mke wa kaka yake alikwenda kimya kimya akaweka mawe juu ili mbwa wasifukue.

Siku moja alifika mvua ikiwa inanyesha. Sokoni hapakuwa na watu, na mimi sikuwa na nguo ya kushona. Tulikaa tukitazama maji yakipita barabarani na makaratasi. Nilimuuliza habari za nyumbani, akanijibu. Nilimuuliza habari za mifugo, akanijibu. Kisha akageuza kile kigoda, akanielekea kabisa.

"Mdogo wangu," alisema, "miaka ile yote wewe ulikuwa unaniuliza habari zangu asubuhi na alasiri. Nimekuwa nikiwaza. Wewe ulikuwa unaishi na nani pale mjini?"

"Peke yangu," nilisema. "Nilikuwa na chumba kimoja."

"Na nani alikuwa anakuuliza wewe?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Yeye aliinamisha kichwa, akaniletea sikio lake zima karibu, akangoja bila haraka, kama mtu aliyezoea kungoja. Basi nikaanza kumweleza, tangu mwanzo, tangu chumba kile cha Kizwite na dirisha lake lililokuwa halifungi vizuri upande wa upepo.